Ndoo ya Kijani na Ndoo Nyekundu

Jumatatu, 3 Machi

Nina hasira. Naandika nyuma ya daftari la vipimo kwa sababu karatasi nyingine hakuna, na hasira haingoji mtu akanunue daftari. (Mteja ukifungua ukurasa huu, funga. Kipimo chako kiko mbele.)

Kisa chenyewe. Mwanangu, kitinda mimba wangu, anaendesha kibasi cha kampuni. Viti ishirini na vinne. Ndicho kinachotoa watu huku mtaani kwetu na kuwafikisha kituo kikuu wakapande mabasi marefu. Mwanamke wa kwanza njia hii. Wa kwanza! Nimewaambia wateja wote, na wasio wateja, na yule mtu anayekuja kusoma mita ya maji.

Hakuokota usukani jalalani. Miaka mitatu ameosha mabasi kwenye yadi yao. Magoti kwenye maji, kitabu cha alama za barabarani kwenye ndoo kavu. Mtihani akawapita wanaume kumi na wawili. Wiki tatu sasa yuko kwenye majaribio, na hajakwaruza hata rangi.

Leo amerudi uso umekunjamana kama shati la pamba. Akanieleza. Njia yetu ina madereva wawili wa majaribio, nafasi ni moja. Yeye, na Tairi. Tairi ni mtoto wa Mama Vyombo. Mama Vyombo anauza masufuria, tumepakana ukuta kwa ukuta, na kila asubuhi tunaamkiana kwa meno tu, macho hayashiriki.

Na nani ataamua? Abiria! Kuanzia kesho hadi Jumamosi, kila anayeshuka kituo kikuu atapewa kifuniko kimoja cha chupa, cha plastiki, cha bluu. Mbele yake ndoo mbili. Ya kijani maana yake nilijisikia salama. Nyekundu, niliogopa. Kila dereva na ndoo zake. Mkaguzi wa kampuni amewekewa kiti hapo azilinde. Mwenye kijani chache zaidi anarudi yadi kuosha.

Nikauliza, kwa hiyo hawapimi anavyoendesha? Wanapima watu wanavyojisikia? Akasema ndiyo, mama.

Kujisikia! Mimi nimeshona miaka ishirini na sita. Mteja akiniambia anajisikia mwembamba, simpunguzii kitambaa. Namzungushia futi.

Na watu wenyewe ndio hawa. Leo asubuhi nimemwona kwa macho yangu fundi viatu wa pale kona. Kibasi cha mwanangu kimesimama mbele yake, viti vitupu vinamwita. Akakiacha. Akabaki juani kumngoja Tairi. Nikamfuata nikamuuliza ana ugonjwa gani. Akasema hana neno na binti yangu, ila kwa Tairi moyo unatulia. Nikamuuliza unatulizwa na nini. Akafikiri sana. Akasema, yule ana mabega.

Mabega! Tangu lini breki ikakanyagwa kwa bega? Tairi anaendesha kwa mkono mmoja, mwingine umening'inia dirishani kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Kona anazikata bila chaki. Lakini ana mabega, basi watu wanasinzia.

Mwanangu aliniomba jambo moja, nisifanye lolote wiki hii. Nikakubali. Ila nilikuwa na pini mdomoni, na ahadi ya mtu mwenye pini mdomoni haihesabiki. Hata yeye hakusikia vizuri nilichosema.

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga cherehani asubuhi. Nimepanda kibasi cha mwanangu. Nimekaa kiti cha pili karibu na mlango, mahali sauti inafika mbele na nyuma. Sikufanya lolote. Nilizungumza tu. Kuzungumza si kufanya.

Safari ya kwanza nikawaambia abiria kwamba dereva huyu hajawahi kugonga hata kuku. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza kwa nini nimemtaja kuku. Nikasema mfano tu. Akauliza kuna kuku aligongwa? Nikasema hakuna, ndiyo habari yenyewe. Akamhamisha mtoto kutoka mgongoni akamweka mapajani.

Safari ya pili nikabadili. Nikasema ana cheti. Mzee mmoja akasema alidhani wote wana vyeti. Nikasema wanavyo, ila cha huyu ni kipya kabisa, hata wino haujakauka. Wawili wakashuka kituo kilichofuata. Mmoja alikuwa ametoka kukaa.

Safari ya tatu niliona niwe mkweli, maana ukweli haulazi mtu njaa. Nikawasimulia kila kitu, jinsi alivyojifunza, jinsi mwalimu wake alivyomsifu, jinsi alivyougonga mti wa bendera pale yadi siku ya pili, na jinsi ambavyo tangu siku hiyo hajaurudia. Nilitaka waone mtu anayejifunza kwa makosa. Wao wakauona mti.

Mwanangu ananitazama kwenye kile kioo cha ndani. Macho tu naona. Macho ya baba yake nikimwambia mchuzi umeungua.

Jioni nikapita kwenye ndoo. Mkaguzi ni mwanamume mwembamba, suruali imembana nyonga na fundi wake anastahili kushtakiwa. Nyekundu ya mwanangu ilikuwa na vifuniko vingi kuliko ya Tairi. Watu wamekaa kitako, wamefikishwa wazima, wana mikono miwili na miguu miwili, wanashuka kwa miguu hiyohiyo, halafu wanasema waliogopa. Waliogopa nini? Nionyesheni jeraha!

Baba yao amesikia yote akiwa barazani na gazeti la juzi. Akasema mtu akikwambia usiogope kabla hujaogopa, ndipo unapoanza kutazama mlango ulipo. Nikamwambia aendelee na gazeti lake.

Jumatano, 5 Machi

Nimelala saa mbili tu. Nina fahari hata hivyo. Nimeshona mito ishirini na minne. Ndani nimejaza vitambaa vya makapi, juu satini ya njano, kamba nne kila mto. Kazi safi. Wazo likanijia nikiwa nakunja nguo: maneno hayaonekani, mto unaonekana. Mtu akiona mto mbele ya paji lake la uso, moyo si utatulia?

Saa kumi na mbili asubuhi mwanangu alikuwa ofisini anasaini. Mlinzi wa yadi ni mteja wangu, nina suruali yake, kwa hiyo aliniruhusu. Nikafunga mto mmoja nyuma ya kila kiti, usawa wa uso wa anayekaa nyuma yake. Viti vya mbele kabisa nikafunga kwenye kile chuma cha kushikilia. Kibasi kikapendeza kama chumba cha bi harusi. Nikakaa kiti changu cha pili. Mwanangu akaingia, akatazama usukani, hakutazama nyuma. Alikuwa amechelewa kwa dakika mbili, na yeye kwa saa ni mkali.

Abiria wakapanda. Wakakaa. Wakaangalia mito.

Yule fundi viatu, ambaye leo alikosa Tairi, akauliza ni ya nini hii. Nikamjibu kwa upole, ya kichwa, ikitokea. Akauliza ikitokea nini. Nikamwambia hakuna kitakachotokea. Akauliza kama hakuna, basi mto wa nini. Mtu mzima anauliza maswali kama mtoto wa chekechea! Nikamwambia autumie au asiutumie, Mungu anajua zaidi.

Wale wa simu wakazima simu. Mzee mmoja alifungua kamba, akaukumbatia mto wake kwa mikono miwili, akafumba macho, midomo ikicheza mpaka kituo kikuu. Mwanangu aliendesha taratibu kuliko siku zote. Kila breki laini kama siagi. Na kila akigusa breki, vichwa ishirini na vinne vinaingia kwenye mito kwa pamoja kama vimeamriwa.

Waliposhuka walishikana mikono. Wageni kwa wageni! Vifuniko vyote vikaenda nyekundu, kasoro kimoja. Kimoja kilikuwa changu.

Mwanangu alifungua mito yote mwenyewe, akaipanga kwenye gunia, akaniletea hadi mlangoni. Hakugomba. Usiku alikula akiwa amenipa mgongo. Heri angegomba. Mgongo wake ule niliuona akiwa na miaka sita, nilipomnyang'anya mfuniko wa sufuria. Alikuwa akikaa juu ya beseni lililopinduliwa, mfuniko mikononi, anaendesha kuanzia baada ya chai hadi jua linapozama. Anapakia wadoli, anashusha wadoli. Anapiga honi kwa mdomo. Hakuna mdoli aliyewahi kuanguka.

Nani atawaambia watu hilo? Siwezi kuwaambia. Nimejaribu, wakauona mti.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefikiri upya. Kosa langu lilikuwa kumwinua wangu. Sasa namshusha wa mwenzangu. Kama abiria wanaogopa kirahisi hivi, waogope upande wa pili basi. Mkuki kwa nguruwe!

Nikapanda kibasi cha Tairi. Nikakaa katikati. Mpango: akifika ile kona ya kiwanda cha matofali, anapoikata kama kawaida yake, napiga yowe. Yowe langu linajulikana. Siku mwizi alipoingia kwa Mama Vyombo ni mimi niliyemfukuza kwa yowe, nikiwa nyumbani kwangu, sijatoka kitandani. Asante yake mpaka leo sijaiona.

Kona ikafika. Tairi akaikata. Nikapiga.

Yule mtoto akaweka mikono yote miwili kwenye usukani. Mara ya kwanza katika historia! Akakisogeza kibasi pembeni polepole, akawasha taa zote za tahadhari, akazima injini, akaja hadi nilipo. Akavua miwani. Akapiga goti moja, akasema, pole mama yangu, umeumia wapi. Sikuwa nimejiandaa kwa swali. Nikasema moyo. Akanipa maji ya kunywa, yake mwenyewe, chupa haijafunguliwa. Akawaomba abiria radhi, akasema mama zetu ndio dunia yetu, tutaenda kidogo kidogo. Wanawake wawili walifuta machozi. Mimi mwenyewe nilikaribia, nikajizuia kwa kumtazama shati, mshono wa kwapa umeachia.

Akaendesha hadi kituo kikuu kama amebeba trei ya mayai. Akanishusha kwa kunishika kiwiko. Mkaguzi akanipa kifuniko. Watu wote wananitazama. Tairi amenishika kiwiko, anatabasamu, nimekunywa maji yake. Ningefanyaje?

Nikatia kijani. Kwenye ndoo yake.

Naandika tena nipate kuamini. Mimi, mama mzazi, nimetia kijani kwenye ndoo ya mtoto wa Mama Vyombo. Na kibasi kizima nyuma yangu kikatia kijani.

Jioni Mama Vyombo akagonga ukuta. Akaniuliza kupitia ukutani kama moyo umepona. Akasema mwanawe ana moyo wa huruma, amerithi kwake. Kisha nikasikia anacheka na sufuria zake.

Ijumaa, 7 Machi

Leo sikupanda kibasi cha mtu yeyote. Lisiandikwe kwamba sisikii.

Nilienda kituo kikuu kwa miguu, nimevaa gauni lenye mifuko mipana niliyoishona mwenyewe kwa kazi hiyo. Ndani ya mifuko, vifuniko vya chupa. Jana jioni niliviokota nyuma ya duka la vinywaji, vingi, mfuko wa kulia na wa kushoto. Hesabu ilikuwa rahisi. Wao wanatia kimoja kimoja. Mimi natia kwa kiganja.

Nikamngoja mkaguzi ainuke kwenda kunywa chai. Akainuka. Nikaisogelea ndoo ya kijani ya mwanangu kama mtu anayetafuta kivuli. Nikatumbukiza.

Sasa, mtu atuambie, kuna sababu gani ya kampuni kutumia vifuniko vya maji, vya plastiki, visivyo na sauti, wakati dunia nzima inajua kifuniko cha chupa ni kile cha soda, cha bati? Makelele yale! Kama Mama Vyombo ameangusha duka. Kituo chote kiligeuka. Mkaguzi akarudi na kikombe mkononi. Akatazama ndani. Vifuniko vya bluu vimezikwa chini ya vya bati, vyekundu na vya dhahabu, kimoja bado kina kibanzi cha kizibo.

Nikamwambia vimeanguka kutoka mfukoni. Akauliza ninatembea navyo vya nini. Nikasema mimi ni fundi, vifungo. Akaniuliza ninashonea nani nguo zenye vifungo vya soda. Huyu mtu hana adabu ya kuuliza.

Alivitoa kimoja kimoja. Akanitamkia kwa upole, na upole wa watu wa ofisi ndio unaoniudhi, kwamba jambo hili likijirudia kutoka kwa jamaa yeyote wa dereva, ndoo ya dereva huyo itamwagwa yote na ataondolewa kwenye majaribio papo hapo. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia suruali yake inambana.

Mwanangu alipata habari kabla sijafika nyumbani. Alinikuta kwenye cherehani. Hakukaa. Mikono yake ilikuwa na ile michubuko ya yadi, ya dawa ya kuoshea, wiki tatu sasa haijafutika. Akasema:

"Mama, kesho usipande kibasi changu."

Nikamwambia ninafanya kwa ajili yake. Akasema anajua. Akasema tangu asubuhi hadi jioni ana watu ishirini na wanne mgongoni, na wiki hii nzima amemwendesha mtu mmoja tu. Akaingia chumbani.

Sikushona tena. Nilikaa pale nimekanyaga kikanyagio bila uzi.

Lakini hasira ilirudi, namshukuru Mungu. Kwa sababu baadaye, kupitia ukuta uleule, nilimsikia Mama Vyombo akimwambia mwanawe kwamba kesho atapanda kibasi cha binti wa fundi, safari ya saa nne, aone mwenyewe. Aone nini? Huyo haendi kuona!

Jumamosi, 8 Machi

Nimeambiwa nisipande. Mama yake hakupanda. Aliyepanda ni mlinzi mstaafu, koti refu la kaki, kofia ya mkunjo, miwani ya kusomea. Baba yao aliniangalia nikivaa koti lake akasema tu nisiligeuze, mfukoni mna peremende.

Saa nne. Nikakaa kiti cha nyuma kabisa. Mwanangu hakunitambua. Mama Vyombo yuko mbele, kiti changu cha pili! Mapajani ameweka rundo la masufuria matano, moja ndani ya jingine, ati anapeleka kwa mteja. Fundi viatu yuko dirishani.

Kibasi kikaondoka vizuri. Na Mama Vyombo akaanza. Hakusema neno. Afadhali angesema. Kila kona anavuta pumzi kwa meno, ssss. Kila breki anashika chuma kwa mikono miwili. Mtu akivuka barabara kule mbali, yeye anafunika macho kwa kiganja. Watu wakaanza kutazamana. Mama mmoja akashika chuma naye. Woga ukawa unapita kiti hadi kiti, na barabara nyeupe, mwendo wa bata, hakuna kitu!

Nilivumilia vituo viwili. Niandikiwe thawabu ya vituo viwili.

Halafu akasema, "Mungu wangu." Kidogo tu. Kwa sauti ya mtu anayeaga dunia.

Nikasimama. Nikapita katikati, kibasi kinatembea, koti linaburuta. Nikamwambia aache. Akanitazama juu chini, akasema hamjui huyu babu. Nikavua kofia. Akasema, ala, kumbe ni jirani, nilidhani umelazwa kwa moyo. Mwanangu akasema kutoka mbele aliyesimama akae tafadhali. Sikukaa. Nikamwambia Mama Vyombo mwanawe anaendesha kwa mkono mmoja kama anayepunga mkono kwa maiti. Akasema bora mkono mmoja kuliko mti wa bendera. Nani alimwambia habari za mti? Mwanangu akasema mara ya pili, waliosimama wakae. Nikazishika zile sufuria. Naye akazishika. Nikavuta. Akavuta. Akaachia.

Sufuria tano zikaenda nyuma kwa mpango wao. Moja ilifika hadi kiti cha mwisho, ikagonga, ikarudi. Mtoto akalia. Watu wakapanda juu ya viti. Fundi viatu akakunja miguu kifuani.

Na kibasi kikasimama. Hakikufunga breki kwa ghafla. Kilisimama kama mtu anayekaa. Pembeni kabisa, taa za tahadhari zinawaka, injini imezimwa. Mwanangu akainuka kwenye kiti chake. Sijui urefu ule aliupata wapi. Akaokota sufuria zote tano, akazipanga, akampa mwenyewe. Akambembeleza yule mtoto kwa kidole. Kisha akatugeukia, akasema tushuke, wote wawili.

Nikamwambia mimi ni mama yake.

"Najua, mama. Ndiyo maana nakuomba ushuke taratibu, ngazi iko juu."

Akanishika mkono nikashuka. Akamshika na Mama Vyombo. Akarudi, akafunga mlango, akasubiri abiria wakae, wa kwanza hadi wa mwisho, akatazama kioo, akaondoka. Akawasha na taa ya kuonyesha anaingia barabarani. Kuniacha kwenye vumbi, mimi niliyembeba miezi tisa, na taa ya kuonyesha!

Hasira niliyoipata haina kipimo. Futi haifiki. Waliosema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu walisahau kusema aliyefunzwa vizuri anafanya nini.

Tulitembea. Mbali. Jua la saa tano. Yeye na masufuria, mimi na koti. Hatukusemezana mpaka kwenye kiwanda cha matofali, ndipo akasema sufuria zinamkata mkono, nikachukua mbili, si kwa upendo, zilikuwa zinanipigia kelele. Nikakumbuka peremende. Tukala. Akasema, kweli binti yako amesimamisha kibasi sikuhisi. Nikamwambia arudie. Akasema hajasema kitu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeshinda!

Mkaguzi alimwaga ndoo jana. Za mwanangu zilikuwa vibaya mpaka Jumamosi saa nne, nyekundu za wiki nzima zimejaa. Lakini ile safari ya saa nne kila mtu alitia kijani. Kisha wakaenda wakahadithia. Mchana ule watu walikuwa wanakiacha kibasi cha Tairi kipite ili wapande cha mwanangu, wakaongeza safari tatu, zote zimefurika, na vifuniko vyote kijani. Ndoo ilipasuka mshikio, ikaipita ya Tairi. Mkaguzi akamuuliza fundi viatu kisa. Fundi viatu akasema yeye alikuwemo. Akasema, "Dereva anayeweza kumshusha mama yake mzazi ili mimi nikae salama, huyo ananitosha. Mabega nitayaona kwingine."

Kwa hiyo mwanangu amebaki na usukani. Wa kudumu. Tairi hakurudi yadi kuosha, wamempeleka njia ya mbali, kwa sababu mkaguzi aliguswa na habari za mama mmoja aliyeugua moyo na kupewa maji. Sitasema zaidi.

Sasa tuulizane. Kama nisingepanda Jumamosi, angemshusha nani? Nani? Mtu akae afikiri. Yote niliyofanya wiki hii yalikuwa hatua, na hatua ya mwisho ilikuwa kushushwa. Nimemwambia baba yao. Akasema kweli, akageuza gazeti. Nimemwambia Mama Vyombo kupitia ukuta. Hajajibu, lakini sufuria moja ilianguka.

Jioni mwanangu amekuja na sare mpya niipunguze kiuno. Alisimama nikimzungushia futi, halafu akaegemeza kidevu chake kwenye kichwa changu kama alivyokuwa akifanya zamani, ila zamani alihitaji kupanda beseni. Akasema mgongo unamuuma kwa kukaa siku nzima. Akaniuliza kama naweza kumshonea mto mdogo. Wa kiti chake. Mmoja tu, mama.

Nililia kidogo, juu ya futi. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Mmoja tu! Mtoto huyu tangu utoto hajui kuomba. Nimefungua lile gunia nikaitazama ile mito upya. Sasa naona kosa lilikuwa wapi. Haikuwa na maandishi. Mtu anauona mto mbele ya uso, hajaelezwa, lazima ashtuke. Safari hii nadarizi kwa uzi mwekundu, herufi kubwa, hata asiyesoma sana asome: TULIA, HUTAUMIA SANA.

Kumi na moja tayari.